Gramu Arobaini Kabla ya Saa Sita

Simu kutoka hospitali iliingia saa moja na dakika kumi asubuhi. Kwa bahati mbaya niliipokea mimi, kwa hiyo dakika tano za kwanza zilipotea bure.

"Kitanda kimepatikana leo," nilimwambia binamu yangu. "Mjomba awe wodini kabla ya saa nane mchana. Na saa sita ndiyo mwisho wa kutia kitu mdomoni. Baada ya hapo hata maji marufuku."

Binamu alikuwa anapiga mswaki. Alinitazama kwenye kioo.

"Miadi ni wiki ijayo."

"Ilikuwa. Kuna mgonjwa ameahirisha, wamemsogeza Mjomba."

"Injinia Nusu, sina nguvu za vichekesho asubuhi hii."

"Siyo kichekesho."

"Ndivyo unavyosema kila mara."

Akaninyang'anya simu, akapiga mwenyewe, povu la dawa ya meno likimshuka kidevuni. Akasikiliza. Akasema "ndiyo" mara tatu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, kisha akakata.

Injinia Nusu ni mimi. Nilisoma uhandisi wa mitambo miaka mitatu kati ya minne, nikaacha. Binamu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, ndiye aliyenibandika jina hilo. Anasema Robo Tatu ingekuwa sahihi zaidi, ila haikai vizuri mdomoni. Na kuhusu kutoaminika, siwezi kumlaumu mtu. Nimewahi kumshonea shemeji yangu mifuko ya suruali asubuhi ya harusi yake, akatembea siku nzima hana pa kuweka mikono. Nimewahi kusogeza saa zote za nyumba hii mbele kwa nusu saa, Binamu akafika shuleni kabla ya mlinzi, kisha nikaapa kwamba si mimi. Mtu ukiwa hivyo, siku ukisema kweli unahitaji mashahidi.

Mjomba, baba yake Binamu, alikuwa mwonja kahawa. Kazi yake kwa miaka thelathini na minane ilikuwa kuchota kahawa kwa kijiko, kuifyonza kwa sauti kama mtu anayechana kitambaa, kuizungusha mdomoni, kuitema kwenye ndoo, na kuandika alama. Vikombe mia kwa siku, na hakumeza hata kimoja. "Ukimeza," alikuwa anasema, "umeacha kazi, umeanza kunywa."

Mwezi uliopita daktari alimkuta na uvimbe pembeni mwa ulimi. Lazima ukatwe, na kipande cha ulimi kiende nao. "Utaongea, utakula," daktari alimwambia. "Ladha siwezi kukuahidi."

Wenzake wa zamani waliposikia, walimletea kopo. Dogo tu, la kuenea kiganjani: gramu arobaini za kahawa, punje nzima, kilichobaki kwenye sampuli ya shamba moja ambalo mwaka huu lilitoa gunia moja basi. Ilikuwa imekaangwa siku chache nyuma. Kahawa ikitoka motoni inataka kupumzika wiki nzima, Mjomba alitueleza. Kabla ya hapo inapiga kelele tu, haisemi kitu. Wiki ilikuwa inatimia. Mpango ulikuwa tununue kisagio Jumamosi, maana nyumbani hakijawahi kuwepo. Mashine kubwa ilikuwa ya kazini, na nyumbani mzee alikunywa chai kama watu wengine. Jumapili angekaa kibarazani, angekunywa kikombe chake cha mwisho kwa ulimi wake wote.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, tumesimama sebuleni na begi la hospitali, kopo la kahawa, na safari ya saa nne na nusu mbele yetu.

"Baba, kahawa tuiache," Binamu alisema. "Barabara inatengenezwa. Saa tatu kamili wanafunga upande wetu, wanafungua saa tano. Tukikwama pale, kitanda kimekwenda."

Mjomba siku hizi aliongea kidogo, akiweka maneno chini mojamoja kama mayai.

"Kisagio kinunuliwe njiani. Kahawa nitakunywa."

"Atakichagua nani? Mimi naendesha. Wewe hutaki kushuka-shuka."

Mjomba akanyoosha kidole. Niligeuka kuangalia nyuma yangu. Palikuwa na ukuta.

Acha nieleze kwa nini niligeuka. Mjomba alikuwa hajapokea kikombe kutoka mkononi mwangu kwa miaka minne. Si kahawa, si chai, si maji ya dawa. Nikimletea, anasema "weka hapo", na kinapoa hapo.

Mwaka wangu wa tatu chuoni nilikwenda mazoezi ya kazi pale alipokuwa anafanya. Yeye ndiye aliyeniombea nafasi. Siku moja walikuja wageni, wanunuzi wakubwa, wakaandaliwa mifuko sita ya kahawa ya unga tayari kwa madukani. Usiku wa kuamkia siku hiyo mimi na akili zangu tuliufungua mfuko wa tano, tukapunguza theluthi, tukajazia dengu nilizozikaanga mpaka zikawa nyeusi na kuzisaga. Nikaufunga upya kwa pasi ya nguo. Ulifungika vizuri, hata kiwandani wasingejua. Nilichotegemea ni hiki: Mjomba afyonze, aruke, aseme nani mshenzi huyu, tucheke wote.

Alifyonza. Alisimama kidogo. Akatema. Akaandika alama, ya kawaida kabisa, akahamia mfuko wa sita.

Kisha mwonjaji wa wageni akafika kwenye ule wa tano, akasema kwa sauti, "Humu kuna nafaka." Wageni wakacheka. Wakamwangalia Mjomba na karatasi yake ya alama, wakacheka tena. Kile kicheko nilikiandaa mimi, na nikashindwa kwenda kukichukua. Nilikaa kimya kando ya mlango nimeshika fagio. Mwisho wa mwaka Mjomba alistaafishwa, wakampa saa ya ukutani. Ripoti yangu ya mazoezi sikuweza kuiandika, na chuoni sikurudi. Kama alijua ni mimi au hakujua, sikuwahi kuuliza. Mtu haulizi jibu analoliogopa.

Duka lilikuwa pembeni mwa barabara kuu, la vifaa vya kahawa na chai. Tulifika saa mbili na dakika ishirini na tano.

"Dakika kumi," Binamu alisema bila kuzima gari. "Kumi na moja ni nyingi."

Mwenye duka alikuwa baba mmoja mnene aliyevaa aproni ya ngozi, mtu asiyejua maana ya haraka. Ndani kulinukia utamu fulani, kama duka la keki. Nikamwambia nataka kisagio cha mkono, cha safari, cha kusaga kikombe kimoja vizuri kuliko vyote duniani.

"Vipo vitatu," akasema, akavipanga kaunta kimoja kimoja kama anayelaza mtoto mchanga.

Cha kwanza kilikuwa cha plastiki, meno ya kauri, chepesi kama kopo tupu. Nilishika shafti, ule mhimili wa katikati, kwa vidole viwili nikaitikisa. Ikacheza. Shafti ikicheza, jino moja linasaga unga na jingine linasaga changarawe, na kwenye kikombe unapata uchungu na maji kwa pamoja. Nikakiweka kando.

Cha pili kilikuwa chuma kizito, beringi mbili, mpini unazunguka kama umepakwa siagi. Nilikipenda moja kwa moja. Nikakigeuza chini: skrubu nne ndogo za pembe sita.

"Hizi zinafunguliwa na nini?"

"Kuna ufunguo wake maalumu. Unauzwa peke yake. Umeisha."

Chuoni sikumaliza, lakini kuna mwalimu mmoja alituambia kitu kilichonikaa: kifaa cha safari ni kile kinachofunguka kwa mikono mitupu, kwa sababu siku kikikugomea fundi yuko mbali. Nikakisukuma, roho ikiniuma.

Cha tatu kilikuwa chembamba kama tochi, meno ya chuma, mpini wa kukunja. Chini kina pete ya kuzungusha, na kila kituo kinalia tik. Nilikifungua mpaka mwisho kwa vidole tu, nikakirudisha. Shafti haikutikisika. Kaunta kulikuwa na bakuli la kahawa ya kujaribia, punje zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nikatia kumi, nikasaga, nikamwaga kwenye karatasi nyeupe. Zilikuwa sawa kama mchanga uliochekechwa.

"Hiki."

"Umechagua vyema, ndugu yangu." Akanyoosha mkono rafuni, akashusha boksi jipya lililobanwa plastiki.

"Hapana. Hiki hiki."

"Hicho ni cha kujaribia. Kila anayeingia humu anakizungusha."

"Ndiyo uzuri wake. Hiki nimekishika, shafti haichezi. Cha kwenye boksi sijui kina nini."

"Halijafunguliwa hili, tazama plastiki."

"Plastiki najua inavyobanwa, mzee wangu."

Nje honi ikalia, mara mbili fupi. Mwenye duka alinitazama kama anayetazama mtu anayekataa mkate mzima na kuomba ule ulioumwa.

"Boksi ukilifungua umelinunua, siwezi kukufungulia ulijaribu," akasema. "Lakini chaguo ni lako."

Nilitoka mbio na kile cha kaunta.

Ndani ya gari Mjomba alinyoosha mkono. Akazungusha mpini mara moja, sikio limeinama.

"Shafti imetulia," akasema.

Ndicho cheti pekee nilichowahi kupewa, na nilikipata kwenye kiti cha nyuma.

Mama wa bendera pale kwenye matengenezo alikuwa ameshaanza kugeuza nyekundu. Binamu aliwasha taa, akapiga honi, akafanya kila kitu isipokuwa kupiga magoti. Yule mama akatupungia tupite. Tulikuwa gari la mwisho. Nyuma yetu bendera ikageuka. Mbele yetu, kwa saa nzima, kulikuwa na katapila linatembea kama linafikiria.

Tuliposimama kwenye kituo cha mafuta, saa ilikuwa tano na dakika ishirini. Hospitali ilikuwa imebaki saa moja. Pembeni ya kituo palikuwa na mgahawa wa meza nne, na mama mwenye mgahawa akatuchemshia birika la maji.

"Dakika arobaini," Binamu alisema, akaivua saa yake ya mkononi na kuilaza mezani katikati.

Mjomba alikaa dirishani na kijiko chake cha kazi, kile cha mviringo. Nilipima gramu ishirini kwenye mzani mdogo, ambao Mjomba aliubeba pamoja na koni ya kuchujia. Nikafunga pete mpaka meno yakagusana, nikarudi nyuma tik kumi na nane kama alivyonielekeza, nikasaga. Koni, karatasi ya chujio, maji kidogo kwanza, halafu mengine. Mikono yangu ilikuwa mikavu. Nilijisifu kwa hilo.

Mjomba akachota. Akafyonza. Akazungusha.

Macho yake yakaacha kuzunguka. Akachukua kikombe kitupu, akatema, akalaza kijiko mezani taratibu.

"Vanila," akasema.

Friji ya mgahawa ilikuwa inanguruma.

"Umefanya tena," Binamu akasema.

"Sijafanya."

"Leo. Kwa baba. Leo."

"Dada, sijafanya kitu. Kopo limefunguliwa mbele yenu."

"Na mfuko wa kiwandani nao ulifunguliwa mbele ya watu. Unadhani sikusikia watu wanavyosema? Nilikaa kimya kwa sababu ya mama yako."

"Naapa."

"Ulivyoapa kuhusu saa za nyumba?"

Ukweli ninao, na shahidi sina hata mmoja. Binamu alivuta kopo na kisagio upande wake, akavikumbatia kama anayeokoa watoto kwenye mafuriko.

"Zilizobaki ni gramu ishirini. Nitasaga mimi. Wewe kakae kwenye gari."

Akaanza kumimina punje. Sikujua vanila ile imetoka wapi, lakini nilijua kwamba chochote kilichoharibu kikombe cha kwanza, hatujakiondoa. Nikasema, "Dada, usisage kwanza." Akasaga meno yake tu.

"Subirini," Mjomba akasema.

Alichukua kijiko tena. Akachota kahawa ileile mbovu, akafyonza. Akatema. Akachota tena. Tulisimama tunamwangalia, mtu mwenye dakika thelathini za ulimi, anazitumia kwenye uchafu. Mara ya tatu alifumba macho. Akanusa maji ya birika. Akanusa kopo.

"Haiko kwenye maji. Haiko kwenye punje." Alipumzika kidogo, kuongea kulikuwa kunamuuma. "Inakuja juu, mwanzoni, halafu inakatika. Imepakwa. Na chini yake kuna mafuta yaliyochacha. Wiki tatu, nne. Hii imetoka kwenye meno ya kisagio." Akanigeukia. "Dukani ulijaribu kwa kahawa gani?"

Nikaliona bakuli.

"Ya kaunta. Zilikuwa... zinang'aa, Mjomba."

"Zinang'aa," akarudia. "Zilipakwa mafuta ya vanila."

"Na hiki ni kile cha kaunta chenyewe. Boksi jipya nililikataa." Nilihisi masikio yanawaka. "Sikuliamini."

"Boksi limefungwa na plastiki, hukuliamini," Binamu alisema polepole.

"Najua inavyofungwa."

Kisha akarudisha punje kwenye kopo, zote, mpaka ile iliyokuwa imebaki ukingoni.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema, "ila kwa ujinga, si kwa makusudi."

"Kuna tofauti."

"Ipo," Mjomba akasema. "Fungueni hicho kitu."

Saa mezani ilisema tano na dakika thelathini na tatu.

Nilikifungua kwa vidole: pete, spring, washa yake, kile kipete cha bati, beringi, meno. Nikavipanga kwenye tishu kwa mstari, kile kilichotoka mwisho kikae karibu yangu. Ndani ya mifereji ya meno kulikuwa na nta ya kahawia, ina harufu ya duka lile lote. Kitambaa hakikufika ndani. Ncha ya kisu mama mgahawa alikuwa nayo, lakini kisu kinakwaruza.

"Mswaki," nikasema.

"Wangu una dawa ya meno," Binamu akajibu, na hapohapo akakimbilia kwenye begi la hospitali. Kwenye orodha yao waliandika mswaki mpya. Akaupasua kwenye pakiti yake. Nilisugua, akamimina maji ya moto, nikasugua tena, mafuta yakaelea juu ya maji kama kwenye dimbwi la gereji. Sabuni Mjomba alikataa kwa kichwa kabla sijamaliza kuitaja. Meno tukayafuta, Binamu akayapeleka nje akayalaza juu ya boneti ya gari, ambayo ilikuwa moto wa kukaangia, akasimama pale anayapepea kwa kadi ya hospitali.

Nikageuka kuchukua beringi, kiwiko kikagusa tishu. Spring ikaruka. Ilidunda mara mbili sakafuni, ikaingia chini ya friji.

Nikapiga magoti kuchungulia. Binamu aliingia na meno kiganjani, akaona nyuso zetu, akaniwekea meno mkononi na kulala chini, na gauni lake la kuendea kwa madaktari, mkono mzima chini ya friji.

"Kuna nini huku," akasema akiwa chini. "Kifuniko. Kijiko. Kitu chenye miguu." Akavuta pumzi. "Hii hapa."

Ilikuwa na vumbi la miaka. Tukaiosha.

Saa tano na dakika arobaini na nne nikaanza kukiunga. Mikono mikavu niliyojisifia ilikuwa imelowa. Na pete ilipokaa mahali pake, nikakumbuka jambo: sifuri imepotea. Tik kumi na nane zinahesabiwa kutoka pale meno yanapogusana, na sasa nilikuwa nimekifungua chote na kukifunga upya, namba kwenye pete hazina maana tena. Lazima niitafute upya, na kugusana kwa meno ni sauti ndogo kuliko ya kucha kwenye kitambaa. Friji ilinguruma.

"Mama, samahani. Tunaomba uizime."

"Nyama zangu zitaharibika."

"Dakika mbili, mama yangu. Nyama zitavumilia, huyu mzee hawezi."

Akachomoa waya. Ukimya ukaingia mgahawani mzima. Nikakibana kisagio kwenye mfupa wa taya, nikazungusha mpini huku nakaza pete, kituo kimoja kimoja. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Kisha nikasikia, ndani ya jino langu mwenyewe, mnong'ono.

"Hapo." Nikarudi nyuma nikihesabu, na Binamu akihesabu nami kwa midomo bila sauti, mpaka kumi na nane.

"Ya kusafishia," Mjomba akasema. Akahesabu punje saba kutoka kwenye kopo kwa kidole. Nikasaga, akanusa unga.

"Bado."

Tano nyingine.

"Kidogo."

Tano tena. Akanusa muda mrefu, akamwaga unga mezani.

"Sasa."

Zilibaki gramu kumi na saba na nusu. Nikasaga zote. Saa tano na dakika hamsini na mbili. Karatasi mpya, maji kidogo, unga ukavimba na kutoa harufu ambayo sitajaribu kuieleza. Mama mgahawa alikuwa ameshika waya wa friji, akasahau kuuchomeka.

Tone la kwanza lilipoanguka, Mjomba akasema, bila kuniangalia, "Mfuko wa tano."

Birika likaning'inia hewani.

"Dengu," akasema. "Zilikaangwa vibaya. Zilikuwa zimeungua upande mmoja."

"Nani alikuambia?"

"Ulimi."

"Sasa kwa nini uliandika alama?"

"Ningesema, wangefunga milango, wangetafuta. Mwanafunzi wa mazoezi alikuwa mmoja." Akafuta mdomo kwa leso. "Nilidhani utasema mwenyewe jioni. Nikakusubiri."

Nje gari lilikuwa linajaza mafuta, namba za pampu zinakimbia. Binamu alikuwa anatutazama, mimi, yeye, mimi. Kwa kawaida hapo ndipo ningetoa mzaha. Niliutafuta, nao nikaukuta upo, umekaa tayari kwenye ncha ya ulimi kama mbwa anayesubiri kufunguliwa. Nikauacha.

"Ni mimi niliyeweka, Mjomba. Na walipokucheka, nilikuwa mlangoni, nikanyamaza."

"Mimina maji katikati," akasema. "Unamwaga pembeni."

Nikamimina katikati.

Kikombe kilijaa nusu tu. Nilikibeba kwa mikono miwili, nikasubiri "weka hapo". Alikipokea. Vidole vyake, vya baridi, viligusa vyangu.

"Saa sita kasoro dakika nne," Binamu alisema kwa sauti ndogo.

Mjomba hakuchukua kijiko. Aliinua kikombe, akanywa kama watu wanavyokunywa. Binamu akamsogezea kile kikombe cha kutemea. Alikisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono. Koo lake likapanda, likashuka. Miaka thelathini na minane, na mimi niliona.

Hakusema nzuri. Hakusema mbaya. Akanywa tena, kisha akaninyooshea kikombe.

"Onja. Niambie kuna nini."

"Mjomba, ni yako hii. Muda umekwisha."

"Kuanzia kesho utakuwa unaniambia wewe. Anza."

Nikanywa kidogo mno, kama mwizi.

"Ni nzuri."

"Nzuri siyo ladha."

"Ina uchachu."

"Wa nini?"

"Kasoro mbili," Binamu akasema.

Nikafumba macho. Vanila haikuwepo. Nyuma ya uchachu kulikuwa na kitu nilichokijua, na nilikimbia nacho kichwani nikikitafutia jina, jikoni, sokoni, kwenye mifuko ya sare za shule.

"Chungwa."

"Maji yake au ganda?"

Nikaonja tena. Sikuwahi kufanya mtihani wowote hivi.

"Ganda. Na mwishoni kabisa kama asali."

Akachukua kikombe, akamalizia. Safari hii hakumeza. Alilishikilia lile funda moja mdomoni, macho yamefumbwa, akilizungusha taratibu upande wa uvimbe, upande mzima, juu, chini. Binamu aliokota saa yake mezani, akaitazama, akanitazama mimi. Mshale ukasogea.

"Baba," akasema mwishowe. "Saa sita."

Mjomba akameza.

"Ganda," akasema. "Uko sahihi. Asali hakuna."